Moto Uliotafsiriwa Baridi

Kama umeamka asubuhi vidole vyako vikakataa kufunga kifungo cha blauzi, na mtu nyumbani kwako amekwambia "hiyo ni baridi tu", acha kwanza unachofanya usome hapa. Siandiki kwa sababu nimepona. Sijapona, na nimeshaambiwa kwamba ugonjwa huu hauishi, unatulizwa. Naandika kwa sababu nina hasira, na sioni faida ya kukaa nayo peke yangu wakati inaweza kumfaa mtu mwingine.

Naitwa Consolata. Hapa Gahanga, pembeni mwa Kigali, wengi wananiita Mama Keza, kwa jina la binti yangu. Nimezaliwa na kukulia Karagwe, upande wa Tanzania, ambako wazazi wangu walikimbilia kutoka Rwanda, na ndiyo maana nikiumia naumia kwa Kiswahili. Keza na wenzake wananicheka. Wao wanachanganya Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa katika sentensi moja na kuelewana, mimi bado nawaamkia watu "shikamoo" na wananitazama wasijue waitikie nini. Sisemi hivi kwa kujisifu. Kiswahili changu kimo ndani ya ugonjwa huu, kilihusika, na nitaeleza jinsi kilivyohusika.

Ulianza wakati wa masika. Wakati huo nilikuwa fundi wa kola katika kiwanda cha mashati kule Masoro. Kola si kazi ya kila mtu. Ukishaishona kwa ndani unaigeuza, na ile ncha lazima uisukume kwa kidole mpaka ichongoke bila kutoboka. Kidole changu cha shahada kilikuwa maarufu kwa kazi hiyo, wasimamizi walikuwa wanawaleta wanagenzi waje wakitazame. Asubuhi moja kidole hicho kikaamka kimevimba, kigumu, kinameremeta. Nikadhani nimeng'atwa na mdudu. Baada ya wiki kadhaa mwenzake wa mkono wa pili akafuata, halafu viganja, halafu nyayo, hata kutoka kitandani ikawa nakanyaga kokoto.

Kituo cha afya nilikaa kwenye benchi tangu mvua inaanza hadi inakatika. Muuguzi alinitazama usoni tu, mikono hakuigusa. Akaniuliza kazi yangu.

"Nashona."

"Eh, basi iko ni cherehani. Pumzisha mikono, kunywa maji mengi."

Akanipa vidonge vya maumivu. Nilirudi mara nyingine na mara nyingine tena, nikapewa vilevile, na mara ya mwisho nikachomwa sindano ambayo ilinipa siku chache za raha kisha ikaniacha palepale.

Sasa nikueleze kuhusu hilo neno. Kwetu Karagwe, na popote Kiswahili kinaposemwa, mtu akiumwa viungo tunasema ana baridi yabisi. Hatufikirii. Ni jina tu, kama vile mtu anavyoitwa Mapunda asiwe na punda. Lakini jina hilo lina baridi ndani yake, na ukilisikia tangu utotoni linakuingia, unaamini kwamba kuna baridi imekukalia mifupani na inatakiwa ifukuzwe. Mama mkwe wangu, aliyekulia Bujumbura na anayeishi nasi, ana jina lake la Kinyarwanda, rubagimpande, lakini hata yeye tulipofika kwenye sababu tulikubaliana. Ni imbeho, alisema, ni baridi. Kigali iko juu ya milima, asubuhi kuna ukungu, na mimi natoka alfajiri kwa pikipiki. Kesi ikaisha.

Mwenzangu wa kiwandani, Jacqueline, ndiye aliyeniambia habari za daktari wa Kichina kule Remera. Yeye alikuwa ametibiwa mgongo. Simlaumu Jacqueline hata kidogo. Kipindi hicho chote ndiye aliyenitungia uzi kwenye sindano bila kuombwa, anautunga anaendelea na kazi yake kana kwamba hajafanya kitu.

Kliniki yenyewe iko ghorofani, juu ya duka la masufuria, na ukiwa umekaa chumba cha kusubiri unasikia wateja chini wanagonga vifuniko kujua kama ni vizito. Harufu ni ya majani makavu na sabuni ya sakafu. Daktari Wu ni mzee mwembamba mwenye sweta la mikono mifupi, anajua "pole" na "karibu" na hajui kingine. Wa kumtafsiria alikuwa mtu wa makamo anayeitwa Innocent, ambaye miaka mingi alikuwa anafuata viatu China na kuviuza mjini. Jina lake linamaanisha asiye na hatia. Nimelitafakari sana jina hilo.

Daktari Wu alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akatulia kama anasikiliza redio ya jirani. Akahamia mkono wa pili. Akaniomba nitoe ulimi, akautazama kwa muda mrefu mpaka nikaona aibu. Kisha akafanya kitu ambacho hakuna mtu mwenye koti jeupe aliyekuwa amekifanya hadi siku hiyo. Aligeuza kiganja chake, akagusisha mgongo wa mkono wake kwenye vifundo vyangu vya vidole, kimoja kimoja, namna mama anavyopima homa ya mtoto. Alipofika kwenye kile cha shahada aliondoa mkono haraka. Akamtazama Innocent na kusema neno fupi.

Mimi nilisikia "Je, bi?"

Nikaitika, "Naam?"

Nilidhani ameniuliza jambo kwa Kiswahili, kwa heshima zote, kama watu wa pwani. Innocent akacheka mpaka akashika meza, na daktari alipoelezwa naye akacheka, akalirudia makusudi huku akininyooshea kidole, "Je, bi," nami nikaitika tena "Naam," tukacheka wote. Baada ya hapo daktari akaongea kwa kirefu, anaonyesha mikono, anatikisa kichwa, anafanya kama anamimina kitu kisha anapinga kwa mkono. Innocent akasikiliza yote. Akanigeukia.

"Docteur anasema iko ni ile ugonjwa ya mifupa. Mu Kiswahili munaita aje? Baridi... baridi yabisi. Ni hiyo. Utachemusha hii majani, unakunywa asubuhi na jioni, unarudi baada ya wiki mbiri."

"Maneno yote yale ni hayo tu?"

"Ni hayo, Mama."

Na mimi nikafurahi. Unajua raha ya kusikia ugonjwa wako unaitwa kwa jina ulilolijua ukiwa mtoto? Nilishuka ngazi zile nikiwa mwepesi. Niliona hata China wanaijua baridi yabisi yetu.

Nyumbani habari ilipokelewa kama ushindi. Mama mkwe alipiga makofi.

"Si niliwaambia? Hata Mchina ameona! Sasa, mwanangu, hii baridi tutaitoa, utaona."

Kiangazi kile, wakati watu wote wa Kigali wanatafuta kivuli, mimi nilipikwa. Sina neno jingine. Asubuhi mama mkwe alinichemshia maji yenye majani ya mkaratusi, naloweka mikono mpaka inakuwa myekundu. Jioni alisogeza jiko la mkaa karibu na miguu yangu. Nilivaa sweta mbili na soksi za sufu mikononi. Chai ilikuwa ya tangawizi, mchuzi ulikuwa wa pilipili, na kabla ya kulala nilipakwa dawa ya kuchua ambayo inachoma macho ya watu wa chumba cha pili. Nilifanya yote kwa bidii kwa sababu yalifanywa kwa upendo, na kwa sababu hata daktari alikuwa amesema. Mikono iliendelea kuvimba, na vidole viwili vya mwisho vya kushoto vikaanza kupinda. Ikafika mahali pete ya ndoa ikakatwa kwa mkasi wa bati.

Mwili wako ukikugeuka unagundua vitu vidogo ambavyo zamani hukuvihesabu kuwa ni vitu. Mfuniko wa chupa. Ufunguo. Kukamua kitambaa cha kudekia. Hapa Kigali hupandi pikipiki bila helmeti, na mkanda wa helmeti una kile kifungo cha kubana chini ya kidevu ambacho mimi nilikuwa siwezi tena kukibana wala kukifungua. Mara ya kwanza nilisimama njia panda ya Gahanga nikijifanya napiga simu mpaka machozi yakauke. Motari mmoja, dereva wa pikipiki, kijana mnene ambaye hata sasa simjui jina, akashuka, akasema, "Mama, reta nikufungie," akanifunga taratibu asinibane ngozi. Tulipofika Masoro akanifungua. Tangu siku hiyo alinisubiri kila asubuhi na hakuniuliza swali hata moja. Mungu ambariki popote alipo.

Keza ndiye aliyeanza kunifunga vifungo vya blauzi kabla hajavaa sare yake ya shule. Mwanzoni alifanya kama mchezo, ananiambia, "Simama wima, mtoto mzuri." Baadaye akaacha mchezo, akawa anafunga kimyakimya huku ametazama pembeni. Hapo ndipo nilipojua kwamba ninachopoteza si kidole. Nilikuwa napoteza mikono, na pamoja nayo kazi yangu na nafasi yangu ya kuwa mama katika nyumba yangu mwenyewe.

Nikamwambia mume wangu, Fabien, kwamba moto wa mama yake unanizidishia. Fabien ni mtu mpole, anaendesha gari la mizigo, na upole wake kipindi kile ulinichosha kuliko maumivu.

"Sasa unataka nimwambie Mama nini? Kwamba hajui?"

"Mwambie naungua."

"Consolata, utaunguaje na ugonjwa wenyewe ni wa baridi?"

Niliirusha ile soksi ya sufu ukutani. Yaani nilijaribu kuirusha. Vidole havikuiachia, ikaning'inia mkononi kama inanicheka. Fabien akatoka nje. Hatukusemezana mpaka Jumapili kanisani, kwenye kupeana amani, ambapo kwa mazoea alinibana mkono nikapiga yowe mbele ya padri.

Nilirudi Remera. Daktari Wu alinigusa tena, uso wake ukakunjamana, akamwuliza Innocent mambo mengi, sauti ikipanda. Nilimwambia Innocent amweleze kwamba nafanya kila kitu, maji moto, jiko, tangawizi. Innocent akasema kitu kifupi sana kwa Kichina. Daktari akajibu kwa kirefu.

"Anasema endelea," Innocent akaniambia. "Hii ugonjwa iko na kichwa kigumu."

Nikaenda pia hospitali ya wilaya, kwa mituweli, ile bima yetu ya afya, foleni kama kawaida. Daktari kijana aliona mfuko wa majani kwenye mkoba wangu kabla hajaniona mimi. "Hii ni chakula ya ng'ombe," alisema mbele ya wauguzi, wakacheka. "Maliza kwanza ya Mchina, ndiyo uje kwetu." Akautupa mfuko kwenye ndoo ya taka. Hakuniuliza yule Mchina ameona nini. Hakugusa vidole. Nikatoka pale nimedharauliwa kwa kuamini majani, nikarudi kwa mtu wa majani, ambako nako, bila kujua, nilikuwa natafsiriwa upepo.

Vuli ilipoanza goti langu la kulia lilivimba likawa kama papai, homa ikanishika, na kiwandani wakaniondoa kwenye kola wakaniweka kukata nyuzi zilizobaki kwenye mashati. Siku niliyoshindwa kushika hata mkasi, Jacqueline alimpigia Fabien simu. Fabien akaja na lori lenye mabati nyuma, akanipandisha kwa kunibeba, akanipeleka moja kwa moja hospitali kubwa ya rufaa. Njiani hakusema kitu ila "ihangane", jikaze, kila tulipopita tuta. Ilikuwa ni namna yake ya kuomba msamaha, nami niliipokea.

Pale ndipo nilipokutana na Daktari Solange. Ni mwanamke mfupi, anatembea haraka, wazazi wake walirudi kutoka Uganda, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Alinigusa. Alibonyeza kila kiungo, mpaka vile vya taya ambavyo sikujua kwamba ni viungo. Akachukua damu. Kisha akavuta kiti, akauliza dawa zote nilizotumia, nami nikajiandaa kuchekwa. Nilipofika kwa Mchina hakucheka.

"Alisema nini, huyo daktari?"

"Alisema ni baridi yabisi."

"Hapana, hiyo ni Kiswahili. Yeye mwenyewe, mdomo yake. Usinitafsirie. Sema vile ulisikia."

Nikaona aibu. Nikasema nakumbuka neno moja tu, kwa sababu lilituchekesha.

"Lipi?"

"Je, bi."

Kalamu yake ikasimama. Akalisema yeye, kwa sauti ileile ya Daktari Wu, ulimi umekunjwa nyuma. Ilikuwa hilohilo. Nilishindwa kujizuia, nikaitika, "Naam."

Daktari Solange amesomea udaktari China. Wapo wengi siku hizi, mimi sikujua. Anasema huko, mbali na udaktari wa hospitali, waliwafundisha pia kidogo huo wao wa asili, na alipokuwa mwanafunzi aliuona ni wa kupitisha mtihani tu. Aliniambia, polepole, akichagua maneno, "Hiyo 'bi' ni ugonjwa wa viungo. Hiyo ya mbele ni moto. Mama, alisema uko na moto. Hakusema baridi."

Akanieleza zaidi, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Wao hospitalini wamejua kwamba watu wanaoitwa kwa jina moja la ugonjwa huu hawafanani. Wapo ambao viungo vinawaka na damu yao inapiga kelele kwenye vipimo, na hao vidole vyao vinaharibika upesi. Wapo ambao ugonjwa unawala taratibu. Kwa hiyo sasa wanajaribu kuwapanga kwa dalili walizonazo, si kwa jina tu. Na yeye na wenzake wachache wanatazama pia upande wa pili: anayeitwa wa moto na daktari wa Kichina, na anayeitwa wa baridi, damu zao zinasema nini? Akakiri kwamba mara nyingine pande hizo mbili zinaonana, mara nyingine hazionani, na bado hawajui mengi. "Lakini wewe," akasema, "mimi na yeye tungekuweka mahali pamoja. Bila kubishana."

Tukampigia Daktari Wu simu palepale, sauti imefunguliwa. Niliwasikia wanaongea Kichina, na lile neno langu likipita katikati, je bi, je bi. Daktari Solange alikuwa anasikiliza huku anauma mdomo. Alipokata alinigeukia.

"Alikataza maji ya moto siku ya kwanza. Na tangawizi, na pilipili. Alisema pia, ikizidi uende hospitali haraka. Anauliza kwa nini hukwenda."

Nililia. Lakini usidhani nililia kwa huzuni. Nilitaka kuvunja kitu na sikuwa na mikono ya kuvunjia.

Kisha nikauliza, ni yale maji? Ni mama mkwe aliyenipinda vidole? Daktari Solange hakunidanganya. Alisema maji yalinitesa lakini hayakunipinda. Majani nayo yasingeniponya, na kwa sasa niyaache kabisa, ini langu lisibebe mizigo miwili. Kilichonipinda ni kuchelewa. "Ukisikia ni baridi, nani anakimbia?" alisema. "Baridi inangojewa ipite."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata mahali pa kukaa. Watu wawili wenye elimu mbili walikuwa na uwezo wa kuona kitu kimoja. Mmoja aliniona akasema, hakusikika. Wa upande wa pili walikuwa na dawa, wakamcheka wa kwanza badala ya kumwuliza. Katikati yao palikuwa na ufa, na vidole vyangu ndivyo vilivyotumbukia humo.

Nilianza vidonge alivyoniandikia Daktari Solange, vya mara moja kwa wiki. Kama umepewa hivyo, shika siku yako, mimi nilichagua Jumatatu, na usije ukavinywa kila siku kwa papara ya kupona, utajiua. Jumanne ilikuwa ya kichefuchefu, harufu ya mafuta ya kukaangia ilinikimbiza jikoni. Nywele zilipungua mbele. Kila baada ya muda wanachukua damu, unakaa tena kwenye benchi, unawazoea wenzako wa benchi na kuulizana habari za watoto. Kwa wiki nyingi hakukuwa na badiliko, na nilimtukana Daktari Solange moyoni. Masika yaliporudi, asubuhi moja, nilifungua bomba la maji bila kufikiri. Nilisimama pale natazama maji yanavyomwagika mpaka mama mkwe akaja kunigombeza.

Mama mkwe. Tulipomwambia habari ya moto, hakubisha. Alibeba lile beseni la mkaratusi hadi nje, akalimwaga kwenye migomba, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa na kitambaa amekilowesha kwenye maji ya mtungi. Akanizungushia goti.

"Yooo, mwanangu. Nimekuchoma."

"Hukujua, Mama."

"Sikujua. Lakini wewe ulisema unaungua. Nilikusikia." Akakigeuza kitambaa upande wa baridi. Hatujaongea tena jambo hilo, na hatuna haja.

Mkono wa kulia umerudi. Wa kushoto, vidole viwili vya mwisho vimelala upande na vitabaki hivyo. Kola sishoni tena, nazikagua, wengine wanachongoa mimi napitisha au narudisha, na wanasema ni mkali. Keza hanifungi tena vifungo. Asubuhi moja alinyoosha mkono kwa mazoea nikamwambia, nimeweza, na akashindwa afanye nini na mikono yake.

Siku hizi naenda kote kuwili. Daktari Solange na Daktari Wu wamekubaliana kutazama wagonjwa wachache pamoja, huyu kwa damu, yule kwa ulimi na vidole vitatu, na mimi ni mmoja wao. Dawa nanywa ya hospitali. Siku ya kwanza niliyorudi Remera kwa kazi hiyo, Innocent alikuwa bado mezani pake. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilimwuliza tu kama alilijua lile neno.

"Nilijua. Ni moto. Nani hajui moto?"

"Mbona hukuniambia?"

Akafikiri kwa dhati, hilo nakiri. "Mama, baridi yabisi ya moto? Hiyo iko aje? Mu Kiswahili haina maana. Nikaona itakuvuruga kichwa, nikatoa moto. Na ile ya kukataza maji ya moto, nikasema, mugonjwa wa baridi atakatazwa aje maji ya moto? Nikajua nimesikia vibaya." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na wewe ulifurahi sana."

Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika hapa. Chini, wateja wa masufuria waliacha kugonga vifuniko.

Mwezi uliopita nilikuwa pale tena, nasubiri zamu. Mlango wa daktari ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Mbele yake amekaa mwanamke wa rika langu, Mkongo kwa kitenge na lafudhi, amevaa sweta mbili, mikono amekumbatia chupa ya maji ya moto. Daktari Wu akamgusa vidole kwa mgongo wa mkono. Akauondoa haraka. Akasema lile neno.

Innocent akafungua mdomo. Akaniona mlangoni, maana nilikuwa nimeshasimama.

"Docteur anasema..." akaanza, akakwama. Niliona analitafuta jina ambalo halina baridi ndani yake, na hakulipata, kwa sababu Kiswahili hakijatupa jina hilo.

Niliingia. Nikamnyooshea yule mama mkono wangu wa kushoto, ule wenye vidole viwili vilivyolala, akautazama akaelewa bila tafsiri. Nikaitoa ile chupa mikononi mwake.

"Dada," nikamwambia, "una moto. Vua hayo masweta, twende hospitali leo."